Majira ya joto ya Waamishi: kwa nini skuta inaruhusiwa na baiskeli inakatazwa

Picha ya Waamishi, jumuiya ya Kikristo iliyopo Marekani, inayozunguka mitandaoni ni ile ile: mzee mwenye ndevu bila masharubu, kofia pana ya majani, gari la farasi barabarani, na maelezo mafupi kwamba hawa ni Wamarekani wasiotumia umeme. Picha ni ya kweli. Maelezo ndiyo yanayopotosha, na ubovu wake hujitokeza zaidi miezi ya Juni, Julai na Agosti, watu hawa wanaposhinda nje kutwa nzima na maisha yao yakawa wazi kwa kila apitaye.

Katika kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, utamwona kijana wa Kiamishi akienda dukani kwa skuta ya kusukuma kwa mguu, kwa sababu baiskeli yenye pedali imekatazwa. Ukifika Holmes, jimbo la Ohio, Waamishi wa huko wanaendesha baiskeli bila kuulizwa. Mkulima anafunga marobota ya majani kwa mashine yenye injini, lakini mashine hiyo inakokotwa na nyumbu. Friji ipo jikoni, ila inatumia gesi. Simu ipo, ila imejengewa kibanda chake huko mwisho wa bustani. Na familia nzima inaweza kukodi gari pamoja na dereva wake, ikasafiri mamia ya kilomita kwenda kumwona shangazi, ilhali hakuna mwumini hata mmoja kati yao anayeruhusiwa kumiliki gari.

Wengi wakiyaona haya husema ni unafiki. Mimi nasema ni mfumo uliofikiriwa kwa makini kuliko namna wengi wetu tunavyoingiza vitu majumbani, na anayetaka kuuelewa asianze na mashine. Aanze na watu.

Mwaka 1525 mjini Zurich, Uswisi, kikundi kidogo cha Wakristo kilibatizana upya, kikishikilia kwamba imani ni uamuzi wa mtu mzima na ubatizo wa mtoto mchanga hautoshi. Wakuu wa mji waliona huo ni uasi. Felix Manz, mmoja wa waanzilishi, alizamishwa mtoni Limmat Januari 1527, na maelfu ya wenzake waliuawa katika miongo iliyofuata. Mkondo wao ulipoenea Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, wafuasi wake walikuja kuitwa Wamennonite, kwa jina la Menno Simons. Mwaka 1693 mzee wa kanisa aliyeitwa Jakob Ammann alidai nidhamu kali zaidi, hasa kumtenga mwumini aliyevunja kiapo chake, na waliomfuata ndio Waamishi. Walianza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania mwanzoni mwa karne ya 18. Ulaya wametoweka, usharika wao wa mwisho huko ulijiunga na Wamennonite mwaka 1937.

Msomaji wa mkoa wa Mara anawajua ndugu zao. Wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934, na kazi yao ikazaa Kanisa la Mennonite Tanzania, walitumwa na Wamennonite wa Lancaster hiyo hiyo. Zedekia Kisare alipowekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967, alirithi historia ile ile ya Zurich. Matawi haya mawili yasichanganywe, hata hivyo. Wamennonite wengi wanaendesha magari, wanasoma vyuo vikuu na wanatuma wamisionari. Waamishi wa kundi kuu, lile la mfumo wa kale, hawana desturi ya kutafuta waumini wapya. Karibu wote wamezaliwa humo humo. Wamezaliwa kwa wingi: mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa maelfu machache, leo wanakaribia au kupita 400,000, na zaidi ya wanne katika kila vijana watano huamua kubatizwa na kubaki.

Sasa, nani anaamua kwamba skuta ndiyo na baiskeli hapana? Waamishi hawana makao makuu, hawana papa wala sinodi. Mamlaka yako katika usharika, yaani familia 20 hadi 40 hivi zinazoishi karibu kiasi cha kufikiana kwa farasi. Hawajengi kanisa. Ibada hufanyika Jumapili moja na kurukwa moja, nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, na mabenchi husafirishwa kwa gari la farasi kutoka ua mmoja hadi mwingine. Wahubiri hawasomei kazi hiyo wala hawalipwi. Waumini hupendekeza majina, kisha kwa kila jina huwekwa kitabu cha nyimbo mezani, na ndani ya kimoja tu kuna karatasi yenye andiko. Aliyeokota kitabu chenye karatasi ameamka asubuhi akiwa mkulima, na usiku atalala akiwa mhubiri hadi kifo.

Kanuni za kila usharika huitwa Ordnung, na sehemu kubwa haikuandikwa popote. Watoto huijua kwa kuishi ndani yake. Ndiyo sababu magari ya farasi ya Lancaster ni ya kijivu, ya Ohio ni meusi, na katika bonde moja la katikati ya Pennsylvania yapo meupe na hata ya njano. Ndiyo sababu pia mtu akisema "Waamishi wanakataza hiki" anapaswa kuulizwa: Waamishi wa wapi?

Lakini swali linaloulizwa ndani ya sharika hizo linafanana kila mahali. Hawaulizi kama chombo ni kipya au ni kiovu. Wanauliza: tukikiingiza, tutaendelea kuhitajiana? Kitamfanya mtu ajione mkubwa kuliko jirani yake? Kitamtoa baba nyumbani?

Pitia mifano ile kwa swali hilo uone inavyofunguka. Gari ukilimiliki unakwenda utakapo, saa yoyote, peke yako. Baada ya miaka michache jirani yako si tena mtu anayekaa karibu bali mtu unayempenda, na usharika umesambaratika. Gari la kukodi ni jambo jingine. Lina gharama, linahitaji kupangwa siku kadhaa kabla, na kwa sababu ya gharama utaulizia nani mwingine anakwenda upande ule. Baiskeli ilipofika, viongozi wa Lancaster waliona ni gari dogo: kijana atafika mbali mno na nyumbani. Skuta inachosha, kwa hiyo inamrudisha mapema. Simu ilikataliwa ndani ya nyumba za Lancaster karibu mwaka 1910, kwa kuwa iliingiza masengenyo mezani na kuua desturi ya kutembeleana. Lakini daktari na mganga wa mifugo lazima waitwe, ndipo vikazaliwa vibanda vya simu vya kutumiwa na nyumba kadhaa. Umeme wenyewe haukuwahi kuitwa dhambi. Kilichokataliwa karibu mwaka 1920 ni waya unaotoka gridi ya umeme ya nje, kwani ukishaingia nyumbani huna tena mlango wa kuzuia kinachofuata, na kwa kweli redio na televisheni vilifuata. Betri, paneli za jua na mashine zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa zinakubalika katika jumuiya nyingi kwa sababu nguvu yake ina mpaka. Karakana za useremala za Lancaster zina misumeno na randa za kisasa kabisa zinazoendeshwa kwa hewa hiyo.

Trekta ndiyo inayotupeleka kwenye majira ya joto. Huko Lancaster inaruhusiwa karibu na ghala, kuzungusha mashine zilizosimama, lakini haiingii shambani. Kwa trekta mtu mmoja hulima eneo kubwa, akanunua la jirani, na mikono ya watoto ikakosa kazi. Kwa nyumbu na farasi shamba linabaki dogo, na kila Julai unamhitaji mwenzako.

Shule zao hufungwa mapema, kwa kawaida mwanzoni mwa Mei, kwa mlo wa pamoja uwanjani na mchezo wa mpira kati ya wazazi na watoto. Ni shule za chumba kimoja, darasa la kwanza hadi la nane, na mwalimu mara nyingi ni msichana wa Kiamishi ambaye hajaolewa. Baada ya darasa la nane masomo yamekwisha. Haki hiyo waliipata mahakamani: katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, mwaka 1972, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kuwalazimisha Waamishi kupeleka watoto sekondari kinyume cha imani yao.

Kuanzia hapo watoto huvua viatu, na wengi hawavivai tena hadi baridi irudi, isipokuwa siku ya ibada. Juni huja na stroberi na njegere. Majani ya mifugo, hasa lusini, hukatwa mara tatu au nne kwa msimu, na kila mara panahitajika siku kadhaa za jua mfululizo yakauke kabla ya kufungwa. Wingu likitanda magharibi, shughuli nyingine zote husimama na wavulana wa jirani huja bila kutumiwa ujumbe. Julai ni ngano. Agosti ni mahindi matamu, nyanya, pichi na maharage machanga, vyote vikiiva kwa pamoja. Kina mama, dada na mashangazi hukusanyika kumenya, kuchemsha na kufunga vyakula ndani ya mitungi ya kioo, mamia kwa mamia kwa kila nyumba, hadi rafu za chini ya ardhi zijae. Nyumba hazina viyoyozi, kwa hiyo wengi wana jiko la pili, la nje au la chini ya ardhi, ili moto wa kuhifadhia vyakula usiwapike wenye nyumba.

Hata saa wameipanga wao. Majira ya joto Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja, lakini baadhi ya jumuiya za Kiamishi hubaki na saa ya zamani kwa ibada na ratiba za nyumbani. Ng'ombe wa maziwa hawajui sheria ya bunge.

Ninapoeleza haya huulizwa: basi wanapumzika lini? Tatizo la swali hilo ni kudhani kwamba burudani inaanzia kazi inapoishia. Meza ya kumenyea mahindi ndiyo baraza lao. Shughuli za kusaidiana, kama kuezeka paa, kumalizia nyumba ya wenye ndoa mpya au kushona mablanketi ya viraka, ni kazi na ni karamu kwa wakati mmoja. Ghala likiungua, na radi za majira ya joto huunguza maghala kila mwaka, mamia ya wanaume hukusanyika chini ya fundi mmoja mkuu na kusimamisha fremu nzima kwa siku moja, huku wanawake wakipika kwa zamu na wavulana wakipeleka misumari na maji. Hakuna bima ya kibiashara inayolipa hapo. Kuna mchango wa waumini na mikono yao.

Michezo ipo pia, tele. Mpira wa wavu labda ndio unaopendwa kuliko yote, hasa kwa vijana, kwa sababu wasichana na wavulana hucheza pamoja, wavu unafungwa popote penye nyasi, na hakuna anayekaa nje kwa kukosa kipaji. Softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, huchezwa shuleni na kwenye pikiniki. Watoto huogelea mabwawani na vijitoni, huvua samaki kwa ndoana, hufuga sungura na farasi wadogo. Siku ya Kupaa kwa Bwana, karibu wiki sita baada ya Pasaka, ni sikukuu kwa wengi wao: kazi husimama, familia huenda kutembea msituni au kuvua samaki, na vijana hucheza hadi jioni. Aiskrimu hutengenezwa nyumbani kwa kuzungusha mashine kwa mkono. Katika jumuiya zenye msimamo mkali barafu yake ilikatwa bwawani Januari na kuhifadhiwa miezi yote hiyo ndani ya kibanda chenye kuta nene. Jioni kuna michezo ya mezani na karata zisizo za kamari.

Hapa tena Ordnung inaonekana. Mpira wa uwanjani nyumbani haukatazwi. Ligi yenye sare, ratiba, makombe na mashabiki ndiyo yenye matatizo, na Lancaster viongozi waliwahi kuwataka waumini waliobatizwa waachane nayo. Mpira ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba jina la mchezaji limeanza kutajwa kuliko la wenzake, na jioni tatu kwa wiki hayupo nyumbani. Kwa Waamishi kiburi ndicho mama wa maovu mengine, na wanakitafuta mahali ambapo sisi wengine hatungefikiria kukitafuta: kwenye vifungo vya nguo, kwenye picha ya uso, kwenye kombe la fedha lililowekwa juu ya kabati.

Burudani inayonivutia kuliko zote ni kutazama ndege. Kaunti ya Holmes inajulikana Marekani nzima kwa wingi wa Waamishi wenye ujuzi huo: wanaume na wavulana wenye darubini shingoni, wakiwa juu ya baiskeli, wanaoweza kumtambua ndege kwa mlio tu kutoka upande wa pili wa shamba. Ukifikiri, huo ni mchezo uliolingana kabisa na maisha yao. Haugharimu kitu baada ya kununua darubini, baba hufuatana na watoto, hauna mshindi, na unafanyika huku ukilima. Wengi huweka juu ya milingoti nyumba za mbayuwayu wa zambarau, ndege ambaye mashariki mwa Amerika Kaskazini hutegemea karibu kabisa nyumba anazojengewa na binadamu ili azae. Anarudi kutoka Amerika Kusini wakati wa kuchipua majani, anakula wadudu hewani, na kufikia mwisho wa Agosti ameondoka.

Jumapili isiyo ya ibada ni ya kutembeleana. Hakuna kazi isipokuwa kulisha mifugo na kukamua, na mgeni hahitaji kualikwa. Habari za mbali huja kwa gazeti: The Budget, linalochapishwa Sugarcreek, Ohio, tangu 1890, hujazwa barua za waandishi wa kila jumuiya wakieleza mvua ilivyonyesha, nani kajifungua, nani kaanguka kutoka ngazini na nani alitembelewa na nani. Kwa mtu wa nje barua hizo zinaonekana hazina habari. Kwa Mwamishi aliyehamia Montana akiwaacha ndugu sita Indiana, hakuna kurasa zenye thamani zaidi.

Vijana wana majira ya joto yao. Mtu akitimiza miaka 16 huanza kwenda na kundi la rika lake, kipindi ambacho televisheni za Marekani zimekitia chumvi mno kwa visa vya pombe na magari. Visa hivyo vipo katika baadhi ya makundi. Lakini kwa walio wengi kipindi hicho ni mpira wa wavu Jumapili alasiri, chakula cha jioni kwenye ua wa mzazi mmoja, kisha kuimba: wavulana upande mmoja wa meza ndefu, wasichana upande wa pili, nyimbo za Kijerumani na za Kiingereza bila ala yoyote. Usiku mvulana humwomba msichana ampeleke kwao kwa gari lake la farasi. Hapo ndipo ndoa nyingi zilipoanzia, na kipindi hiki hakiishi hadi kijana mwenyewe aamue kubatizwa au kuondoka.

Kuna gharama, na siyo haki kuzificha. Aliyebatizwa kisha akaondoka hutengwa, na kutengwa kunaweza kumaanisha kutokula meza moja na mama yako mzazi. Anayeondoka kabla ya ubatizo hatengwi, lakini anaingia dunia ya nje na elimu ya darasa la nane. Watoto huumia na hata kufa mashambani, kati ya mashine na wanyama wakubwa. Unyanyasaji wa kijinsia umewahi kufunikwa na msamaha wa kanisa mahali ambapo polisi walipaswa kuitwa, na waathiriwa wamelisema hilo waziwazi. Ushikamano ule ule unaosimamisha ghala kwa siku moja unaweza kumziba mtu mdomo, na yeyote anayewapenda watu hawa anapaswa kuyabeba yote mawili.

Maisha hayo pia yanabanwa. Ardhi ya Lancaster imepanda bei kiasi kwamba kijana hawezi kununua shamba, na leo chini ya nusu ya familia zinaishi kwa kilimo. Wengine wamehamia majimbo yenye ardhi rahisi. Wengine wamefungua karakana nyumbani, ambalo ndilo suluhisho wanalolipenda, maana baba bado anakula mchana na watoto wake. Kaskazini mwa Indiana wanaume wengi wanafanya kazi viwandani, wakiunda nyumba za magurudumu ambazo Wamarekani wengine huziendesha likizo. Mshahara ni mzuri. Wazee wao wanahofia jambo moja: baba anayeondoka alfajiri na chakula chake ndani ya sanduku. Katika nyumba hizo majira ya joto yameanza kufanana na ya jirani asiye Mwamishi, kwa maana ya saa za kazi, saa za mapumziko, na fedha za kusafiria.

Na baiskeli imerudi kwa sura mpya. Miaka ya karibuni baiskeli za betri zimeenea Holmes na kaskazini mwa Indiana, zikichajiwa kwa paneli za jua. Zinakwenda mbali kuliko farasi bila kuchoka, hazihitaji nyasi wala zizi, na mtu anafika kiwandani bila kukodi dereva. Baadhi ya sharika zimezikubali, nyingine zimezikataa, na Lancaster bado wanasukuma skuta. Mjadala huo hufikia kilele wakati wa vuli, mavuno yakishaingia. Kabla ya meza ya Bwana, ambayo hufanyika mara mbili tu kwa mwaka, usharika hukaa kikao cha kutwa nzima, kanuni hupitiwa, na kila mwumini, mwanamume na mwanamke, huulizwa kama yuko katika amani nazo na wenzake. Wasipopatana, meza ya Bwana huahirishwa mpaka watakapopatana.